Developa wa kujitegemea: kazi za wateja, huduma ya kulipia kwa mwezi, plagini, apu au gemu? Tuziweke pamoja tuone

Wengi wakianza kutafuta namna ya kula kwa kuandika programu bila kuajiriwa wanauliza kitu kimoja tu, ipi inalipa zaidi. Hilo swali linampoteza mtu, maana kila njia ina waliotoboa na ina waliotoka jasho bure, na ukitaka mfano wa aliyefanikiwa hukosi hata siku moja. Swali linalosaidia ni hili: mteja wa kwanza atanipata wapi, na akishanipata anakuwa wangu au anabaki wa mwenye duka au jukwaa ninalouzia? Ukiuliza hivyo kila njia inajibu tofauti kabisa, na hapo ndo unaweza kuchagua kulingana na akiba uliyonayo, muda na uvumilivu wako.

Tuanze na hizi mbili ambazo watu huwa wanazigombanisha, frilansi (kuwafanyia wateja kazi zao kwa malipo) na huduma yako mwenyewe ya kulipiwa kila mwezi.

Frilansi: hela ya haraka, ila mikono ikisimama nayo inasimama

Uzuri wa kazi za wateja ni kwamba hauhitaji kubahatisha kama kuna mtu anataka unachotengeneza, yupo mbele yako na shida yake na bajeti yake. Mteja wa kwanza mara nyingi anatoka kwa watu wanaokujua tayari, bosi wa zamani, mtu mliyesoma naye, rafiki wa mteja mwingine. Usipokuwa na hao kuna majukwaa ya mtandaoni yanayokutanisha wateja na mafrilansa. Fiverr inakata asilimia 20 ya unachopata, Upwork kuanzia 2023 ilikuwa inakata asilimia 10 kwa kila mtu na 2025 ikabadilisha, mikataba mipya inakatwa kati ya 0 na 15 kutegemea kazi yenyewe. Makato hayo yasikutishe sana mwanzoni kwa sababu unalipia kuletewa wateja, ila ukishakuwa na jina na wateja wanaorudi wenyewe, uzito wake utauona.

Kosa kubwa la bei liko kwenye masaa. Mtu anasema nataka dola 24,000 kwa mwaka, mwaka una masaa kama 2,000 ya kazi, basi nitoze dola 12 kwa saa. Haiwezekani. Kuna kutafuta kazi, kuna vikao, kuna kuandika makadirio ambayo hayajibiwi, kuna kufukuzia malipo, kuna kuumwa. Tuseme nusu tu ya masaa ndo yanalipiwa, tayari unatakiwa utoze 24, na kama jukwaa linakata asilimia 10 inafika karibu 27, alafu hapo kodi bado hujaigusa. Anayetoza 12 atafanya kazi usiku na mchana na mwisho wa mwaka anashangaa hela imeenda wapi.

Jambo la pili ni ile "niongezee tu kitufe kimoja". Mteja anataka kitufe cha kupakua ripoti kwa Excel. Kitufe chenyewe dakika tano. Sasa kaa nacho: ripoti iwe na safu zipi, tarehe ziandikwe kwa mtindo gani, karani naye aone mishahara au ni meneja peke yake, rekodi zikifika laki mbili seva inakata kabla faili halijaisha kwa hiyo inabidi litengenezwe pembeni alafu mtu atumiwe linki kwa imeili, na hiyo linki idumu muda gani kabla ya kufa, na akiifowadi kwa mtu wa nje je? Hizo ni siku mbili tatu, na mteja wala hana ubaya, yeye anaona kitufe. Ndo maana bei ya jumla bila maandishi ya nini kimo na nini hakimo inaua watu. Ama andika kwa undani kazi inaishia wapi, ama toza kwa siku na uweke kikomo mlichokubaliana, na kwa vyovyote chukua malipo ya utangulizi kabla ya kufungua kompyuta.

Na kwenye mkataba kuna kipengele kimoja ambacho ningemsihi kila mtu akiangalie: haki za msimbo. Iandikwe kwamba zinahamia kwa mteja malipo yakishakamilika, na kwamba vile vipande vya jumla ulivyokuwa navyo au vinavyotumika popote, kama mfumo wa kuingia na nywila au wa kutengeneza PDF, vinabaki vyako na mteja anapewa leseni ya kuvitumia. Inaonekana kitu kidogo lakini bila hicho, siku ukitaka kugeuza ulichojifunza kwa wateja kiwe bidhaa yako, utakuta hauna hata mstari mmoja ulio wako kisheria.

Huduma ya kulipia kila mwezi: mteja ni wako, ila lazima ukamtafute mwenyewe

Hapa umejenga saiti inayofanya kazi fulani, watu wanajiunga na kulipa kwa mwezi au mwaka. Kila mtu anaitamani kwa sababu hela inaingia hata ukiwa umelala, na ni kweli inaingia, ila inachukua muda kufika mahali pa kueleweka na hamna duka linalokuletea watu. Wewe ndo fundi, muuzaji, sapoti na mlinzi wa seva.

Faida yake ambayo njia nyingine nyingi hazina ni kwamba imeili ya mteja unayo. Unaweza kumwandikia, kumuuliza kwa nini ameacha, kumwambia kuna kitu kipya, na hakuna mtu katikati anayeweza kuamka asubuhi akakufungia mlango, ukimtoa anayekupokelea malipo. Tuongee kuhusu huyo. Stripe kwa akaunti za Marekani kiwango cha kawaida cha kadi ni asilimia 2.9 na senti 30 kwa kila muamala. Ukiuza kwa dola 5 yanaondoka kama senti 45, karibu asilimia 9, ukiuza kwa dola 50 inaondoka dola 1.75, yaani asilimia 3.5. Zile kampuni ambazo kisheria zenyewe ndo muuzaji na wewe unawauzia wao, kama Paddle, zinakata asilimia 5 na senti 50, kwa hiyo dola 5 yako inaliwa asilimia 15. Mbona mtu akubali? Kwa sababu ya kodi. Umoja wa Ulaya toka Januari 2015 unataka kodi ya mauzo ya huduma za kidijitali ilipwe kufuata nchi aliko mnunuzi, hata kama muuzaji yuko bara jingine, na viwango vinatofautiana nchi hadi nchi. Mtu mmoja kuhangaika na fomu hizo zote ni mateso, bora umwachie mwingine akate chake. Ila ona hesabu inachosema: bei ndogo ndogo za dola 3 au 5 kwa mwezi zinaliwa na makato, na mteja wa dola 5 anaomba sapoti sawasawa na wa dola 50, mara nyingine zaidi. Uzia biashara, sio watu wanaotafuta cha bure, alafu weka bei ya mwaka pia, inakupa hela mapema na inapunguza wanaoondoka.

Maana kuondoka ndo mchezo wote ulipo. Kama kila mwezi wanakuacha asilimia 5, wateja 100 wa leo baada ya mwaka wamebaki kama 54. Na kuna ukuta: ukipata wapya 10 kila mwezi na asilimia 5 wanaondoka, hutavuka wateja 200 hata ukikaa miaka, kwa sababu ukifika 200 wanaoondoka ni 10, sawa na wanaoingia. Kwa dola 20 hiyo ni dola 4,000 kwa mwezi kabla ya makato na gharama, basi. Ukishusha hiyo 5 iwe 3, ukuta unasogea mpaka 333 bila kuongeza mteja mpya hata mmoja. Watu wanakimbilia matangazo kumbe hela iko kwenye kuzuia walioko wasitoke. Na sio wote wanaotoka kwa hasira, kadi inaisha muda, benki inakataa, mtu wala hana habari, na usipokuwa umeweka mfumo wa kujaribu tena na kumkumbusha kwa imeili umempoteza aliyekuwa anaipenda kabisa huduma yako. Kaa nalo hilo jioni moja ulitengeneze kabla ya kubadilisha rangi za ukurasa wa mbele.

Kwa wanaojenga juu ya AI kuna jambo la ziada. Kila mtumiaji akibonyeza, wewe unamlipa mwenye modeli, kwa hiyo ukiweka bei moja ya mwezi bila kikomo, wachache wanaotumia sana wanakula faida ya wote waliobaki. Weka kikomo toka siku ya kwanza, kuja kukiweka baadae watu wakishazoea ni vita. Alafu kama huduma yako yote ni kisanduku cha kuandikia juu ya modeli ya mtu mwingine, yeyote ataijenga wikiendi moja. Kinachobaki na thamani ni kuijua kazi ya mteja kwa undani, zile safu za Excel na nani aone mishahara.

Sasa ukiziweka hizi mbili uso kwa uso: frilansi inakulipa mwezi huu, huduma yako pengine baada ya mwaka au zaidi. Frilansi ina wateja watatu wanne na mmoja akiondoka unatetemeka, huduma ina mamia na mmoja akiondoka hata husikii. Kwenye frilansi dedilaini ni ya mteja, kwenye huduma seva ikilala saa nane usiku aliyepo wa kuiamsha ni wewe. Mtu ambaye hana akiba ya miezi kadhaa aanze na frilansi tu, na hilo nalisema kwa moyo wote maana njaa inamfanya mtu auze bidhaa yake kwa bei ya kutupa au aiache katikati.

Plagini: njia ya katikati ambayo watu wanaipita bila kuiona

Hapa unatengeneza kitu kidogo kinachokaa ndani ya mfumo mkubwa wa mtu mwingine: plagini ya WordPress (mfumo wa kutengenezea saiti), apu ya ndani ya Shopify (mfumo wa maduka ya mtandaoni), ekstensheni ya kivinjari cha Chrome. Kwa developa aliye peke yake mimi naipa hii alama za juu kuliko anavyotegemea mtu, kwa sababu mteja anakuja mwenyewe, tena anakuja akiwa anatafuta suluhisho la shida moja inayojulikana na mara nyingi yupo kazini na kadi ya ofisi. Shopify haichukui kamisheni kwenye dola milioni 1 ya kwanza unayoingiza, ukiacha ada ya kuchakata malipo. Zamani hesabu hiyo ilikuwa inaanza upya kila mwaka, toka 2025 inahesabiwa mara moja tu kwa maisha yote, ila kwa mtu mmoja milioni ya kwanza sio mzaha. Kwa WordPress hali ni nyingine, plagini za kwenye saraka yao lazima ziwe na leseni inayopatana na GPL, ile leseni huria inayomruhusu mtu kutumia na kusambaza msimbo, kwa hiyo toleo la bure linavuta watu na la kulipia unaliuzia kwenye saiti yako, na kinachouzwa hasa ni apdeti na sapoti ya mwaka, maana msimbo wenyewe mtu anaruhusiwa kuusambaza. Chrome kusajili ni dola 5 mara moja, lakini duka lao liliacha kushughulikia malipo ya ekstensheni, inabidi ujitengenezee mfumo wa leseni.

Ubaya wake unajulikana, umejenga kwenye kiwanja cha mtu. Mwenye kiwanja akibadilisha sheria unafuata au unabomoa. Waliokuwa na ekstensheni za Chrome walilazimika kuziandika upya kwa ajili ya Manifest V3, yaani utaratibu mpya wa Google wa ekstensheni, na toka 2024 Google ikaanza kuzizima za zamani. Januari 2023 Twitter ilizikatia mawasiliano apu za watu wa nje, Tweetbot na Twitterrific zikafa, na Twitterrific ilikuwepo toka 2007. Apollo ya Christian Selig, apu ya kusomea Reddit, ndo mfano ninaoona kila mtu auangalie kwa tarakimu: 2023 Reddit ilitangaza bei ya dola 12,000 kwa kila maombi milioni 50 ya data, na Apollo ilikuwa inatuma kama bilioni 7 kwa mwezi. Gawanya, unapata dola milioni 1.68 kwa mwezi, karibu milioni 20 kwa mwaka. Ilifungwa Juni 30, 2023, na kulikuwa na watumiaji walioshalipia mwaka mzima.

Lakini tofautisha. Twitter na Reddit hazikuwa na faida ya moja kwa moja kutoka kwa hizo apu, maana apu hizo zilikuwa zinashindana na apu yao wenyewe. Shopify inataka plagini ziwepo kwa sababu mwenye duka anabaki kwao kwa ajili ya hizo plagini. Kabla ya kuweka nguvu zako jiulize kama kazi yako inamwongezea hela mwenye jukwaa au inamnyang'anya watu, na pia kama kitu chako ni kidogo kiasi kwamba yeye akiamua anaweza kukiongeza kwenye menyu yake wiki ijayo. Na popote sheria zao zinaporuhusu, kusanya imeili za wateja kwa ridhaa yao.

Apu za simu

Hapa nitakuwa mfupi na mkali kidogo. Apple wanataka dola 99 kila mwaka, Google Play dola 25 mara moja. Kamisheni inayojulikana ya asilimia 30 kwa wadogo imeshuka mpaka 15, kwa Apple toka 2021 ukijiunga na mpango wao wa biashara ndogo na mapato yako hayavuki dola milioni 1 kwa mwaka, na Google nao mwaka huohuo wakaweka 15 kwa milioni ya kwanza ya kila mwaka. Akaunti mpya za binafsi kwenye Google Play zinatakiwa kwanza zifanye majaribio na watu 12 kwa siku 14 mfululizo kabla ya kuomba kuiachia apu kwa watu wote, walianza na 20 wakapunguza, kwa hiyo kama umepanga kuzindua Jumatatu hakikisha hilo umelianza mapema.

Shida ya apu haiko kwenye makato. Shida ni kwamba duka limejaa, anayeingia anatafuta majina anayoyajua tayari, na akikulipa humjui, imeili hupewi, hela akirudishiwa anarudishiwa na Apple wewe unasoma tu kwenye ripoti. Ukilinganisha na plagini, zote ziko kwa mwenye nyumba, ila plagini inaletewa mtu mwenye shida ya kazini na apu inagombania dakika za mtu aliyezoea vitu vya bure. Mimi ningeifanya apu kama ina kitu ambacho lazima kiwe kwenye simu, kamera, mahali mtu alipo, kufanya kazi bila intaneti. La sivyo saiti inatosha.

Gemu ni za wanaozipenda

Steam, duka kubwa la gemu za kompyuta, ni dola 100 kwa kila gemu, unarudishiwa gemu ikishaingiza angalau dola 1,000, na kamisheni ni asilimia 30. Epic walikuja 2018 na duka lao na asilimia 12, duka la itch.io linakuachia uchague mwenyewe uwape ngapi. Stardew Valley ya Eric Barone iliyotoka Februari 2016 ilitengenezwa na yeye peke yake, picha, muziki, kila kitu, zaidi ya miaka minne. Ukitaka kujua kama gemu ni biashara yako, usiangalie alivyouza, iangalie hiyo miaka minne kabla ya kuuza, bila mteja hata mmoja wa kukwambia endelea. Mwenye mapenzi na akiba aende, mwenye bili asubiri.

Na programu huria je?

Hizi ni zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Kuna wanaoishi kwa michango, GitHub Sponsors (mfumo wa michango kwa wanaoandika msimbo) ipo toka 2019 na haikati kitu kwenye mchango wa mtu binafsi, ila michango inafuata jina, na jina linachukua miaka. Kinachofanya kazi vizuri zaidi ni kama alivyofanya Mike Perham na maktaba yake ya msimbo, Sidekiq, toka 2012, msingi ni bure kwa wote, na vile vitu ambavyo ni kampuni tu inavihitaji vinalipiwa kwa leseni. Yaani mwanafunzi hatozwi, benki inatozwa. Kama tayari una maktaba ya msimbo inayotumiwa na makampuni bila kulipa, hapo kuna biashara imelala, ila usianzishe mradi huria leo ukitegemea ukulipie bili mwaka huu.

Kwa hiyo uchague vipi

Huna akiba: frilansi, lakini chagua sekta moja. Ukifanya zahanati, kaa na zahanati, ya tatu itakuomba kitu kilekile ya kwanza ilichokuomba, na hicho kitu kinachojirudia ndo bidhaa yako, imejitokeza yenyewe na wanunuzi wake unawajua kwa majina. Una kazi ya ajira na jioni zako: plagini, maana ni ndogo, inaweza kumalizika na inakufundisha sapoti na bei bila kukumaliza nguvu, ila soma mkataba wako wa ajira kwanza, kuna waajiri wanaodai chochote unachoandika. Una akiba ya mwaka na unajua kuuza, au una mwenzako anayejua kuuza: huduma ya kila mwezi, na uza kabla ya kujenga. Ongea na watu kumi wenye hiyo shida, waombe walipie mwezi wa kwanza kwa bei ya punguzo, na hela ya kila mmoja irudishwe kama hujamaliza kwa tarehe mliyokubaliana. "Wazo zuri sana" usilihesabu, hesabu waliotoa kadi.

Wengi wanaodumu wanachanganya, wateja wawili wa frilansi wanalipa bili huku bidhaa inakua. Hapo usikate wateja wote siku bidhaa ikianza kuingiza, ikifika nusu ya matumizi yako ya mwezi achana na mmoja, na wa kuachana naye kwanza ni yule wa bei ya jumla anayeongeza vitufe. Yule anayelipa kiasi fulani kila mwezi kwa matengenezo mbakize mpaka mwisho kabisa.